Ugonjwa Wangu na Shangazi Nyabise

Shangazi Nyabise tulimzika Jumamosi, Majita, nyuma ya nyumba yake, kwenye shamba la mihogo linaloteremka hadi ziwani. Risala ya marehemu ilisomwa na mjukuu wake ambaye ni mwalimu, akaisoma vizuri, kwa sauti ya darasani: watoto, wajukuu, vitukuu, kwaya ya akina mama, na miaka yote aliyouza samaki wa kukaanga Musoma. Alipofika kwenye maneno "aliwalea pia ndugu mbalimbali," watu wawili watatu wa umri wangu waligeuka kuniangalia pale nilipokaa chini ya turubai, maana walijua kwamba ndugu mbalimbali ni mimi. Sikumlaumu mjukuu. Alikuwa hajazaliwa, na mvua ilikuwa inatishia. Lakini niliporudi kwangu Bunda nilijisikia kama mtu aliyeacha kusema jambo mbele ya wageni, na tangu Jumatatu nimekaa mezani naandika. Habari za ukoo wetu wataandika wengine. Mimi nautaka mwaka mmoja tu, ule ambao sabuni na kanga zilikuwa zimeanza kurudi madukani baada ya miaka ya foleni, watu wakawa wanasema sasa kila kitu ruksa, na mimi, msichana wa miaka ishirini na mitatu, vidole vyangu vikagoma kukunjuka.

Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya chama cha ushirika Bunda, na nilikuwa mpiga chapa mzuri. Nalisema bila aibu kwa sababu hicho ndicho kitu cha kwanza ugonjwa ulichokigusa. Asiyewahi kukaa mbele ya taipureta hajui kwamba herufi A hupigwa kwa kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kidole kinyonge kuliko vyote, na kwamba Kiswahili chetu kimejaa A kuliko herufi nyingine yoyote. Kidole hicho ndicho kilichovimba kwanza. Nilikuwa nakibonyeza na machozi yananitoka, na nikichoka nakiacha kipite juu juu bila kugusa kitu. Siku moja katibu wetu, Ndugu Mafuru, mtu mpole aliyekuwa anavaa sweta hata wakati wa joto, aliniita akaniwekea barua mbele. "Ndugu Felista," akasema, "hebu nisomee mstari wa kwanza." Nikasoma: Tunomb mguni, badala ya Tunaomba magunia. Tulicheka wote wawili, yeye akacheka mpaka akavua miwani. Halafu akaniangalia mikono, akaacha kucheka.

Nilikuwa nimepanga chumba Kabasa, hapo hapo Bunda, pamoja na mwalimu wa shule ya msingi aitwaye Nyanjura. Vitanda viwili, pazia katikati, jiko la mafuta ya taa juu ya kreti, na kuta ambazo hazikufika juu, kwa hiyo chafya ya chumba cha tatu ilijibiwa "afya" kutoka chumba cha kwanza. Asubuhi nilikuwa naamka kama mtu aliyemwagiwa saruji usiku kucha. Nyanjura alinifunga vifungo vya blauzi, akanifunga na viatu, huku ananiimbia wimbo wa bibi harusi ili nisione aibu. Tulidhani ni kazi nyingi. Kisha ikaja homa, nikapewa klorokwini, ikaondoka. Ikarudi. Nywele zikaanza kubaki kwenye kitana. Mashavuni na juu ya pua pakatokea baka jeusi lenye wekundu kwa chini, pana, limekaa usoni kama kipepeo aliyekunjua mabawa. Nikapungua mpaka sketi zikahitaji pini. Na mwaka ule, kwa mwanamke kijana kupungua, kupukutika nywele na kuwa na madoa usoni, watu hawakuhitaji daktari kuwaambia ni nini.

Niliyasikia kwa masikio yangu, asubuhi ya Jumapili, nikiwa nimekaa kitandani nikisubiri Nyanjura aje anifunge kanga. Mama mwenye nyumba alikuwa anaongea na jirani chumba cha pili. "Huyo wa ofisini mwangalieni," jirani alisema. "Anakondaga kila siku. Mimi vyombo vyangu nimevitenga." Mama mwenye nyumba akajibu kwa sauti ya chini, lakini chini haikutosha, "Ule ugonjwa mpya, eh? Na hawa wasichana wa ofisini!" Nyanjura alikuwa mlangoni, amesikia kama mimi. Alikuja, akachukua kikombe changu cha chai ambacho nilikuwa nimekunywa nusu, akakimaliza chote mpaka makapi, akakiweka chini. Nimesoma vitabu vingi tangu wakati ule na nimesikiliza mahubiri mengi, lakini bado ile chai ndiyo naikumbuka nikitaka kueleza mtu urafiki ni nini. Hata hivyo, wiki ile ile Ndugu Mafuru alinipa ruhusa ya kwenda kutibiwa, akaniahidi kwamba kiti changu hatakaa mtu mpaka atakapolazimika, nami nikapanda basi kwenda Musoma kwa shangazi.

Shangazi Nyabise, ambaye sokoni walimwita Mama Masatu kwa jina la mtoto wake wa kwanza, alikuwa mjane, mnene, mwenye hasira za haraka zilizokwisha haraka. Nyumba yake ya Kigera ilikuwa na vyumba viwili na sebule, na jiko la nje lililoezekwa kwa madebe yaliyopasuliwa. Kila kitu ndani kilinukia samaki: mapazia, mto, Biblia, hata mkate. Nilipofika mlangoni aliniangalia kuanzia kichwani hadi miguuni, nikaona jambo likimpita usoni, kisha akasema kwa ukali, "Nani anakujaga kwa mtu bila taarifa? Kaa. Umekula?" Hakuniuliza ninaumwa nini mpaka nilipomaliza bakuli la mchuzi wa kichwa cha sato na ugali wa muhogo. Alikuwa na imani yake mwenyewe ya kitabibu, kwamba kila ugonjwa una samaki wake. Mumi kwa mifupa, sato kwa damu, dagaa kwa macho. Alilalamika kwamba furu wameisha ziwani, wameliwa na sangara, na kama wangekuwepo ningepona ndani ya wiki. Asubuhi aliniamsha mapema kabla hajaenda mwaloni kununua samaki wa siku hiyo, akanikandia vidole kwa maji ya moto ya chumvi kwenye beseni la bati, kimoja kimoja, huku anasimulia nani amegombana na nani sokoni. Alikuwa na mikono migumu yenye alama za mafuta, na sijawahi kushikwa kwa wepesi namna ile.

Tulizunguka. Siku zile mgonjwa alikwenda hospitali na daftari lake la shule la kurasa arobaini, na langu lilijaa mwandiko wa kila aina. Nilipimwa malaria mara nyingi. Nilipigwa picha ya kifua. Daktari mmoja kijana aliniambia nifumbe macho, akanigusa mashavuni na kipande cha pamba, kuangalia kama ni ukoma. "Unasikia?" Nikasema nasikia. "Basi siyo," akasema, na nilimwona amefurahi kweli. Mwingine alisema ni homa ya viungo, mwingine homa ya maziwa ya ng'ombe, na wote walinena kwa uaminifu, wakaandika dawa ambazo dirishani tuliambiwa hazipo. Shangazi aliingia nami kwa kila daktari, akanijibia maswali yote. Niliulizwa napata choo namna gani, akajibu yeye. Niliulizwa nimeolewa, akasema, "Bado, lakini yuko mtu."

Huyo mtu aliitwa Elia, na tulikuwa tufunge ndoa mwezi wa kumi na mbili. Alasiri moja walikuja mjomba wake na mama yake mdogo. Mimi nilikuwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia, nimelala na kitambaa cha maji usoni. "Mama Masatu," nikamsikia mjomba anaanza, "tumekuja na neno." Shangazi akamkatiza. "Neno halipoi. Ugali unapoa. Kuleni kwanza." Akawapakulia, na nilisikia sauti ya watu wanaokula bila raha, wanatoa miba, wanasifia pilipili. Aliwaongezea. Walipokataa aliwaongezea tena. Kisha akawanawisha, akakaa. "Haya. Semeni." Mjomba akakohoa, akasema kijana wao amepata nafasi ya kusoma, kwamba ndoa ingesubiri, kwamba mambo ya siku hizi ni magumu. "Semeni ugonjwa," shangazi akasema. Mama mdogo akasema taratibu, "Dada, na wewe ni mzazi. Usituchukie. Watu wanaongea." Shangazi akasema, "Sawa. Siwachukii. Lakini mjue sahani mlizolia zimeoshwa na mgonjwa mwenyewe asubuhi hii, na naona mko wazima." Waliondoka kabla chai haijachemka. Nilicheka nikiwa nimeuma mto, kicheko kikageuka kilio katikati, na shangazi akaingia akakaa kitandani bila kunigusa, mpaka nikamaliza vyote viwili. Elia mwenyewe hakuja. Hilo ndilo lililoniuma, siyo ndoa.

Nadhani ni baada ya siku hiyo shangazi alikwenda kwa mganga wa kienyeji, yeye mzee wa kanisa, mwenye sare ya kwaya kabatini. Alisema anakwenda kumsalimu mtu Kitaji. Alirudi amekasirika hata mkoba ameubeba kichwa chini, akaanza kukuna nazi kwa kishindo, na nilipomwuliza akashindwa kujizuia. "Nimeenda kwa mjinga mmoja hapo! Nimempa maelezo yote. Ameangalia angalia maji yake, ananiambia anayekuloga ni mwanamke mnene wa ukoo wenu, anafanyaga kazi ya moto na mafuta!" Akanigeukia na mbuzi ya nazi bado iko chini yake. "Kuna mwanamke gani mwingine mnene kwenye ukoo wetu?" Nilicheka, na yeye akaendelea kununa mpaka nazi ikaisha, kisha naye mabega yakaanza kutikisika. Jumapili iliyofuata alikaa benchi la nyuma kabisa kanisani, kwa hiari yake.

Aliyetusaidia alikuwa mla samaki. Mzee Magoti alikuwa mganga msaidizi kwenye zahanati ndogo upande wa Butiama, mrefu, mkavu, mwenye suruali fupi kidogo kuliko miguu yake, na kila mwezi alipokuja Musoma kufuata dawa za zahanati yake alikula kwa shangazi. Siku hiyo nilikuwa nimekaa nyuma ya meza ya shangazi sokoni nikifunga vipande vya samaki kwenye gazeti kwa vidole vyangu vibovu. Aliniangalia uso muda mrefu bila kuona haya. Akaomba daftari langu. Akalisoma tangu ukurasa wa kwanza, taratibu, sangara wake akipoa mbele yake, na shangazi, ambaye hakuvumiliaga mtu aache samaki wake apoe, alimwacha asome. "Mama Masatu," hatimaye akasema, "huyu binti kila mtu amemwona mara moja. Nileteeni akae kwangu wiki tatu. Nataka nimwone kila siku."

Kwa hiyo nilikaa Butiama, kwenye nyumba ya Mzee Magoti na mke wake, katikati ya mawe makubwa na migomba, ambako asubuhi kulikuwa na baridi na maziwa mgando yalikatika kwa kijiko. Mke wake, Mama Rusi, aliongea Kizanaki na mimi nikamjibu Kijita, tukakutana kwenye Kiswahili pale tuliposhindwana. Mzee Magoti hakunipa dawa yoyote ya ajabu. Alinitazama. Asubuhi kabla ya uji aliniambia nikunje ngumi, akapima kwa macho vidole vimefika wapi, akaandika. Aliniuliza jana nilifanya nini, nilikaa wapi, nilikula nini. Siku niliyomsaidia Mama Rusi kuanika mtama uani tangu asubuhi hadi mchana, jioni yake uso uliwaka na viungo vikavimba, naye akaandika hilo akalipigia mstari. Wiki ya tatu aliniita kwenye kibaraza, akafungua daftari juu ya magoti yake. "Tazama hapa, hapa, na hapa. Kila mahali ulipopewa klorokwini, wiki mbili zinazofuata hukulalamika viungo. Sasa malaria haikai kwenye vidole, binti. Na malaria haijali jua." Alisema zamani, akiwa msaidizi kwenye hospitali kubwa, aliwahi kumwona mwanamke mmoja mwenye uso kama wangu. "Hili gonjwa jina lake silijui. Najua tu kwamba linalo." Sijui kama aliyasema kwa makusudi ya kunifariji, lakini nilishika reli ya kile kibaraza nikalia kwa raha, kwa sababu miezi yote ile nilikuwa nimeshaanza kuamini kwamba sina ugonjwa, nina mkosi. Aliandika barua ya kurasa mbili, mwandiko wa mkono, akaifunga kwa gundi ya ugali, akatutuma kwenye hospitali ya misheni alikokuwa na imani na daktari mmoja.

Hospitali yenyewe siitaji. Ilikuwa na wodi ndefu ya wanawake, madirisha ya wavu, na harufu ya dawa ya sakafu iliyonifurahisha kwa sababu haikuwa na samaki ndani yake. Daktari Anna alikuwa mwanamke mfupi, mchangamfu, aliyesoma nje akarudi. Aliisoma barua ya Mzee Magoti mara mbili akasema, "Huyu mzee angekuwa mwalimu wangu." Alinipima mkojo, akachukua damu nyingi, nyingine ikaenda Mwanza kwa gari la misheni, akatuambia wazi kwamba katika hayo atapima na ule ugonjwa ambao watu wanausema. Tusubiri. Tulisubiri zaidi ya mwezi. Shangazi aliacha biashara yake kwa mwanamke mwenzake akaja kulala chini ya kitanda changu kwenye mkeka, kama walivyofanya ndugu wa wagonjwa wote.

Kitanda cha pili alikuwa mwanamke wa upande wa Tarime, Bhoke, wa miaka kama thelathini, mwenye macho makubwa na mikono myembamba kuliko yangu. Ndugu zake walileta chakula wakakiacha mlangoni. Shangazi aliwasikia wauguzi wakizungumza, akaelewa, na siku ile ile akafunga kanga yake kati ya kitanda changu na cha Bhoke, akaikaza kwenye vyuma pande zote mbili. "Upepo," akaniambia, bila kuniangalia. Hapakuwa na upepo. Na mimi, ambaye watu wa Kabasa walitenga vyombo kwa ajili yangu, sikusema neno. Nililala nikiangalia ile kanga, nikisikia upande wa pili Bhoke anakohoa taratibu ili asitusumbue. Nimemsamehe shangazi hilo zamani. Kujisamehe mwenyewe kulichukua muda.

Majibu yalikuja asubuhi ya Jumanne. Daktari Anna alituita ofisini kwake. Ugonjwa wangu ulikuwa na jina, lupus, na shangazi akalirudia mara tatu kana kwamba anaonja chumvi. Akauliza ni wadudu gani. Daktari akafikiri kidogo. "Mama, kwenu mna sungusungu?" Shangazi akasema wapo, tena wakali. "Wanalinda watu dhidi ya wezi. Sasa chukulia siku moja wanachanganyikiwa, wanaanza kuwapiga wenye nyumba. Mwizi hakuna, lakini mji unaumia. Ndicho kinachotokea kwenye damu ya mwanao." Alisema hakuna dawa ya kuuondoa kabisa. Zipo za kuwatuliza hao sungusungu, mojawapo ni ile ile klorokwini, kidogo kila siku, na nyingine yenye nguvu zaidi ambayo ingenivimbisha uso. Na nilikimbie jua maisha yangu yote. Kisha akasogeza karatasi ya pili. "Na ule mwingine wanaousema, hana."

Shangazi alipiga kigelegele mle mle ofisini. Aliikamata ile karatasi, akatoka nayo koridoni ameishika juu kama mtu anayeingiza bendera, na mimi nikimfuata polepole kwa magoti yangu mabaya nilijua kabisa anachokwenda kufanya: ataisoma wodini, ataisoma kwenye basi, ataisoma sokoni Musoma kwa kila mtu aliyeacha kununua samaki wake. Alifika katikati ya wodi, kinywa wazi tayari. Bhoke alikuwa amekaa kitandani, amekisikia kigelegele, na alikuwa anatutazama. Hakuwa na wivu usoni. Alikuwa anatabasamu, mtu aliyefurahi kwa ajili yetu na anayesubiri kuambiwa. Shangazi alisimama pale. Kinywa akakifunga. Akaikunja karatasi mara mbili, mara nne, akaisokomeza kifuani. Akaenda kwenye kitanda changu, akaanza kuifungua kanga, fundo la upande huu, fundo la upande ule, akaikunja akaiweka begani.

"Mama," akamwambia Bhoke, "wewe unakulaga sato?"

Bhoke akatikisa kichwa. "Mimi ni mtu wa ng'ombe, mama. Samaki ananishindaga. Miba."

"Miba nitatoa mimi."

Na aliitoa. Kila siku hadi tulipoondoka, alikaa ukingoni mwa kitanda cha Bhoke na bakuli mapajani, akichambua sato kwa vidole, akimwekea mkononi, akimsimulia ugomvi wa sokoni kama alivyonisimulia mimi. Bhoke alicheka kwa kuziba mdomo. Alifariki kabla hatujarudi kliniki ya mwezi uliofuata, na shangazi alipoambiwa alikaa nje kwenye ngazi muda mrefu, akauliza kama kuna aliyekuwa naye. Muuguzi akasema alikuwepo yeye. "Asante," shangazi akamwambia, akamshika mikono yote miwili.

Musoma walimwuliza. Majirani walimjia hadi nyumbani, kwa salamu ndefu na macho yanayonitafuta ndani. "Majibu vipi, Mama Masatu?" Alijibu, "Majibu ni ya mwenye damu," akawauliza hali za watoto wao. Nilimkasirikia. Nilimwambia ana karatasi kifuani, aionyeshe, tupumzike. Alikuwa anapara samaki, hakuinua kichwa. "Nikisema wewe huna, wataniulizaga kule hospitali nani anao. Leo nimtaje nani? Yule mtoto wa watu?" Basi maneno yakaendelea, wateja wakaendelea kupita pembeni ya meza yake wakanunua mbele, na yeye alivumilia, mwanamke ambaye kabla ya hapo hakuwahi kuvumilia hata kelele za kuku.

Kilichoyamaliza ni kitu ambacho hakuna aliyekipanga. Ile dawa yenye nguvu ilianza kazi. Baada ya wiki chache vidole vilikunjuka, homa ikaenda, hamu ya kula ikanirudia kwa fujo, na uso ukavimba ukawa wa duara kama mkate wa kumimina. Nilijiona kwenye kioo nikatamani kujificha. Shangazi aliona tofauti. Alinipeleka sokoni asubuhi, akanikalisha mbele kabisa, kivulini, chini ya mwavuli mweusi. Watu wakasimama. "Huyu si Felista? Amenenepa hivi!" Maana kila mtu alijua, au alidhani anajua, kwamba mwenye ule ugonjwa hanenepi. Ndani ya mwezi mmoja wateja walirudi, wakiomba pilipili kana kwamba hawakuwahi kuondoka, na shangazi akawapa vipande vyao vile vile bila kinyongo, ila mkia alimpa yule aliyesema sana. Ilikuwa ndio mitumba imeanza kufika kwa wingi, marobota ya nguo kutoka nchi za baridi, na wakati wanawake wote wanagombania vigauni vya mikono mifupi, shangazi alichambua chini ya lundo akaniletea mashati ya mikono mirefu, mazito, na kofia pana ya nyasi yenye ua bandia. Ua nililing'oa. Mashati niliyavaa mpaka yakachanika.

Nisiseme nilipona. Kuna siku nilirudi nyuma, kuna wiki dawa ziliadimika na tukazitafuta duka hadi duka, klorokwini iliniwasha ngozi mpaka nikajikuna kwa gunzi. Lakini mwisho wa mwaka ule Ndugu Mafuru alituma salamu kwa dereva wa ushirika: msimu umekwisha, hesabu zinaandikwa, kiti bado kipo lakini hawezi kukishikilia zaidi. Nilikaa na salamu hizo siku nne bila kumwambia shangazi. Niliogopa. Kigera nilikuwa mgonjwa, na kila mtu alijua namna ya kuishi na mimi. Kule ningekuwa mpiga chapa, na mpiga chapa anatazamiwa aamke.

Alijua, bila shaka. Asubuhi ya siku ya tano nilikuta begi langu limesimama sebuleni, mashati yamekunjwa, dawa zimefungwa kwenye kopo la maziwa lenye kifuniko, na juu yake samaki mkavu aliyeviringishwa gazeti. Shangazi alikuwa anafunga kilemba mbele ya kioo kidogo cha mlangoni.

"Shangazi, bado naumwa," nikasema.

"Najua."

"Daktari amesema haitaisha."

"Nilikuwepo. Nimemsikia." Akamaliza kilemba, akakipigapiga pembeni kikae sawa, akanigeukia. "Sasa unataka ukae hapa unaisubiri iishe? Nenda kaumwe ukiwa kazini."

Nikaenda. Nimeumwa nikiwa kazini miaka thelathini na kitu, nikabadilisha taipureta kwa kompyuta, nikaolewa na mtu mwingine, nikapata watoto wawili, na siku niliyostaafu wenzangu wa ofisini walisimama wakasema hawakumbuki mwaka ambao sikuwa kwenye kiti changu.